Tumbo la Nahodha

Hulda Pruitt alikuwa mvishaji wa waigizaji pale studio kwetu Hollywood, mjane wa miraba minne asiye na kizuizi mdomoni. Kila asubuhi alimfunga Desmond Vance, aliyeigiza nahodha wa maharamia, mkanda mpana wa kubana tumbo, goti kamkita mgongoni kama anayefunga mzigo wa punda. Enzi za filamu bubu hakuna mtazamaji aliyejua. Sauti ilipoingia, mkanda nao ukaanza kusema.

Siku ya busu, Desmond akamwinamia Lorna, aliyeigiza binti wa gavana. Kwiii!

"Kata!" akafoka fundi sauti. "Nani anafungua mlango?"

Milango ikatiwa mafuta. Wakarudia. Kwiii! Wakasaka panya. Kwiii! Sote tulijua ni mkanda, ila nani amfunge paka kengele?

Hulda akachoka. "Ni tumbo la Desmond, jamani. Waacheni panya wa watu."

Uso ukamwiva Desmond. "Mama, unanivua nguo hadharani!"

"Kukuvua ndiyo kazi yangu, mwanangu. Geuka."

Akaukata mkanda kwa mkasi. Tumbo likashuka kwa raha zake. Desmond akavuta pumzi kamili, akatamka mapenzi kwa sauti nzito iliyotusisimua hata sisi wabeba taa. Lorna akaligusa tumbo, akaangua kicheko, kisha akambusu kwelikweli.

Busu hilo ndilo lililobaki kwenye filamu. Desmond alimnunia Hulda wiki nzima, ila mchana ule alifagia sahani mbili za nyama na pai ya tufaha.