Nilimpandishia Mume Wangu Sauti

Kosa ni langu, simsingizii shetani wala umeme. Nimemnyamazisha mume wangu, mtu aliyekuwa akiimba tangu anapovaa soksi asubuhi mpaka anapozivua. Jina langu msiniulize. Sisi Wakongo wa Durban tunajuana mpaka sufuria, na nikitaja duka la simu ninalofanyia kazi hapa Overport, kesho mtakuja kunichekea dirishani.

Mume wangu, nimwite Baba Grâce, anapakia mizigo kwenye ghala huko Clairwood. Jumamosi yake ni ya kuimba. Wako wanne, wanakutana kwenye gereji ya Papa Amisi kule Glenwood kuimba zile nyimbo za zamani za Wamarekani weusi. Mmoja anaongoza, wawili wanamwitikia "uu-waa", na besi inanguruma chini yao kama friji kuukuu. Gita hakuna, ngoma hakuna.

Papa Amisi ndiye besi na ndiye mwalimu. Husema vijana wa huko walianza hivyo hivyo, kwenye kona za mitaa na kwenye ngazi za magorofa ambako sauti inarudi vizuri, kwa sababu koo halinunuliwi dukani. Hata walipoanza kuitwa studio, waliimba wote mbele ya maikrofoni moja. Anayeongoza anasogea karibu, wengine wanarudi nyuma, kila mtu kwa kadiri ya sauti yake. Papa Amisi anaishika sheria hiyo kuliko Kwaresima. Maikrofoni ni moja, na anayepanga watu ni yeye.

Na kila mara alimpanga mume wangu nyuma ya wote, karibu na pazia. Ukitazama picha za harusi wanazoalikwa kuimba, unaona wanaume watatu na bega.

Jamani, iliniuma. Mimi nilikuwa naamini kabisa kwamba wanamficha kwa sababu anawazidi. Wahenga walisema ukipenda, chongo utaita kengeza. Mimi niliita chura kinanda.

"Papa Amisi," nikamuuliza siku moja, "juu ya nini bwana yangu anasimama kule nyuma sawa sentineli wa mlango?"

"Mama Grâce, ile njo fasi yake," akanijibu kwa upole. "Acha tu. Harmonie ya sauti iko muzuri."

Sikuacha. Ilipokuja harusi ya binti mmoja wa kanisani, nikaombwa nisimamie vyombo vya sauti, kwa kuwa dukani nashinda na spika. Tunauza pia vile vimaikrofoni vidogo vya kubana kwenye kola, ambavyo vijana hununua kurekodia video zao. Nikambania mume wangu kimoja kolani.

"Ni cha kurekodi," nikamdanganya, "tumtumie mama yako Bukavu."

Akafurahi, akanyoosha tai. Wimbo ulipokolea, nikampandishia sauti kwenye mashine.

Ee Mungu wangu! Wenzake waliposhuka, yeye alipanda. Walipomfuata huko juu, yeye alikuwa ameshaondoka. Bibi harusi akajificha nyuma ya maua yake. Mjomba wa bwana harusi akaacha kutafuna. Nikakimbilia kumpunguza, nikakosea kitufe, nikampandisha zaidi. Ukumbi mzima ukacheka, na Baba Grâce, macho amefumba, akadhani watu wamefurahi, akazidisha. Mwisho akainama kushukuru.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja kuzaliwa, alikaa nami meza moja na kula pilau.

Video ya wimbo ule ilipita kwenye simu za kina mama wote wa kanisa, ikatufikia. Aliitazama akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Huyu ni mimi?" akauliza.

Nikasema mashine iliharibika. Huo ulikuwa uongo wa pili.

Tangu hapo akanyamaza. Jumamosi anakaa nyumbani na kukunja nguo za watoto, kimya, zimenyooka hata zinatisha. Binti yetu Grâce akaniuliza kama Papa anaumwa koo. Niliingia bafuni nikalia.

Mwishowe nikaenda kwa Papa Amisi, nikamwambia yote. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Sisi tulijua toka siku ya kwanza," akasema.

"Sasa, hamukumutoa juu ya nini?"

"Tumutoe aende wapi? Siku moja alikosa, tukaimba bien, bila kosa hata moja, na hakuna mwenye alicheka mpaka tukafunga gereji. Bwana yako njo anatupatia roho ya kuimba, Mama Grâce. Tulimutafutia fasi yenye anaweza kuimba na nguvu yake yote, na watu hawatamucheka."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu ukweli: mashine ilikuwa nzima, aliyepandisha ni mimi, nilidhani wanamwonea.

"Na wewe," akasema, "hii miaka yote unanisikia hapa nyumbani, ulikuwa unaona naimba muzuri?"

"Muzuri sana."

"Kweli?"

"Kweli ya Mungu."

Akanitazama, kisha akatikisa kichwa. "Eish, chérie. Basi shida haiko koo yangu peke yake."

Akacheka kidogo. Nami nikacheka, machozi yakinitoka.

Jumamosi iliyopita alirudi gereji. Papa Amisi aliniambia mume wangu alikwenda mwenyewe kusimama pale pale pa nyuma, bila kupangwa. Lakini nyumbani bado alikuwa kimya, mpaka jana. Nilikuwa kwenye korido na beseni la nguo, nikasikia vyombo vinaoshwa jikoni na sauti yake inapanda taratibu pale inapopaswa kushuka. Mlango alikuwa ameufunga. Zamani hakuwa anaufunga.

Nilishika kitasa, kisha nikakiachia.

Kwa hiyo, dada zangu, ukiona wenzake wamemweka mumeo nyuma, waulize vizuri kabla hujamvuta mbele, na ukijibiwa kwa upole, elewa. Mimi nilitaka Durban nzima imsikie. Sasa namsikiliza kwenye tundu la ufunguo.