Makubazi Mlangoni

Kaka yangu alikuwa fundi wa makuti. Hoteli kadhaa za Diani zimeezekwa kwa mikono yake, na mtu aliyemzoea juu ya boriti asingeamini kwamba siku moja angehema kwa kutoka kitandani hadi uani. Moyo ulikuwa umetanuka. Daktari alisema dawa zipo, ila kazi ya kupanda mapaa basi, na alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Nilimchukia tangu siku hiyo.

Akarudi kwa mama, Msambweni, akalala chumba cha mbele. Mimi mchana hushinda kwenye saiba moja, duka la kompyuta, pale Kona ya Musa, nikiwachapia watu barua za kuomba kazi wasizozipata. Jioni nikirudi hutengeneza modi, yaani nyongeza ambazo wachezaji hujiundia wenyewe katika mchezo wa kompyuta unaoruhusu: silaha mpya, nyumba mpya, mlima ambao haukuwepo. Mchezo wetu ulikuwa wa mapanga na majini, wa Kizungu mtupu, kila mtu kajifunga chuma hadi vidoleni. Kaka aliupenda kwa sababu ndipo mahali pekee alipoweza kutembea.

Lakini hata humo mhusika wake alichoka. Akikimbia, mstari wa pumzi chini ya skrini unapungua hadi unaisha, naye anasimama kuhema. Kaka alikuwa akigeuza uso asiutazame. Ndipo aliponiomba nimtengenezee seti, mavazi yanayokwenda pamoja, kila moja na nguvu yake ndogo, lakini ukiyavaa yote unapata bonasi, nguvu ya ziada.

"Isiwe ya chuma," alisema. "Nivike zangu."

Nikamvika zake: kanzu yake ya Ijumaa, koti lake jeusi, kofia ya viua aliyoshonewa na mama, na makubazi yake ya ngozi. Bonasi ya seti kamili ilikuwa moja tu, kwamba pumzi haiishi.

Wakati huo alikuwa na miezi hajafika msikitini, na msikiti wenyewe uko nyuma ya nyumba za jirani, adhana inaingia hadi kitandani. Kwa hiyo nikamjengea mlima, na juu yake msikiti mweupe. Mlima mzima niliufunika ukungu unaokula pumzi, ili asiye na seti kamili afe njiani. Nilitaka afike yeye. Nikaiweka kazi yangu mtandaoni ijaribiwe, na watu wa nchi nisizozijua wakapanda, wakaingia, wakasifu. Hakuna aliyeona kasoro.

Kaka alipanda Jumamosi asubuhi. Mama aliketi kando yake akichambua mchele, haelewi chochote ila kwamba mwanawe anacheka. Alikimbia mlima wote bila kusimama, akauhifadhi mchezo hatua chache chini ya mlango, kisha akasogea. Pale mlangoni, bila kufikiri, akafungua mfuko wa mavazi, akavua makubazi, akayaweka chini. Seti ikavunjika. Bonasi ikaondoka, ukungu ukamkamata, akaanguka kizingitini akafa.

Wale wengine wote walikuwa wameingia na viatu.

Nilimwambia ayavae aingie, huu ni mchezo tu.

"Mdogo wangu, nimeutamani mlango huo siku zote hizi. Siingii na viatu."

Akasema nirekebishe, atangoja. Lakini mchezo ule unajua mawili tu, umevaa au hukuvaa; kilichowekwa chini si chako tena. Kila nilichojaribu ili pumzi ibaki bila viatu kiligoma. Alhamisi pumzi ikamkatalia kabisa, tukamkimbiza hospitali. Nilipoinama kumsalimu aliniuliza kuhusu mlango, kupitia ule mpira wa oksijeni, na mimi nikamwambia bado kidogo. Alifariki kesho yake, kabla ya adhuhuri.

Wanaume walimbeba, sisi wanawake tukabaki ndani. Baada ya hitima, mama aligawa nguo zake kama ilivyo desturi. Kanzu ilikwenda kwa mjomba, koti kwa fundi mwenziwe, kofia kwa jirani aliyemwosha. Wote walipokea kwa dua, nami nilikuwa nimekasirika kama mwendawazimu, maana nilichokiona mimi ni seti inavunjwa. Yalibaki makubazi, pale pale mlangoni alipoyavua mara ya mwisho. Nikainama niyatie kwenye mfuko wa kugawa, yaende nayo.

"Hayo yaache, mwanangu," mama alisema. "Mwenyewe yumo ndani."

Niliingia chumbani nikawasha kompyuta, nikaandika kwamba viatu vilivyoachwa kizingitini, mwenyewe akiwa hajaondoka, vihesabiwe kuwa amevivaa. Amri hiyo ilikubali mara ya kwanza, na hilo liliniuma kuliko kama ingegoma. Siku hizi watu huniandikia kwamba seti yangu ina hitilafu, inahesabu viatu ambavyo mtu hakuvaa, nitaitoa lini. Nimeiacha ilivyo.

Siku ile ya kugawa nguo niliufungua mchezo wake alipokuwa ameuhifadhi. Nikampandisha zile hatua chache, nikamvua makubazi. Mstari wa pumzi ulibaki umejaa. Mlango ukafunguka, akaingia. Nikauhifadhi mchezo akiwa ndani, na sijaufungua tena.