Mama mkwe amesifu ng'ombe ambaye hatuna

Wamama wa Makutano, leo nipigieni makofi! 😂

Mtoto wangu akinywa maziwa ya ng'ombe, tumbo linamsumbua. Kwa hivyo mimi husaga njugu za makadamia na maji, nachuja na kitambaa, napikia chai.

Leo mama mkwe ametutembelea kutoka Embu. Huyo ni mtu wa ng'ombe watatu!

Nikampea kikombe cha hiyo chai bila kumwambia ni maziwa gani.

Akanywa. Akaomba kingine.

"Hii maziwa ni nzito! Ng'ombe yenu inakula nini?"

"Mama, hiyo ni makadamia. Ya ule mti wenu."

Ule mti baba mkwe anataka kukata apande nepia, nyasi ya ng'ombe!

Akampigia mzee wake simu hapo hapo: "Baba Njeru, weka shoka chini. Huo mti unakamuliwa."