Uyoga wa Kina Mama wa Madale

Asubuhi hii nimefungua pakiti ya uyoga, na harufu yake ya udongo mbichi imenirudisha Madale. Mama na jirani zake walikuwa wameanzisha ushirika wa kulima uyoga, lakini kila mtu aliuogopa. "Una sumu huo!" walisema.

Siku moja mama akabeba jiko hadi gengeni, akaupika kwa nazi mbele ya watu. Akala yeye, kisha akanilisha mie. Wote wakanikodolea macho nikitafuna. Ulikuwa laini, mtamu kama nyama.

Bibi mwenye genge akaonja kwa ncha ya kijiko. Mama alikuwa ameshika kanga yake kwa nguvu.

"Niongezee," bibi akasema. "Na kesho leteni wa kutosha, mtauzia hapa kwangu."

Mama akacheka mpaka akakaa chini.