Ijumaa ya Mistari Myekundu

Wakati wa vita nilitunza, pale mjini Baraka, kando ya ziwa, orodha ya watoto waliopoteana na wazazi wao. Mwenzangu alikuwa na nakala yake Uvira. Mtandao haukuwepo, kwa hiyo kila Ijumaa boti lilileta flash yenye kazi yake, nami nikaiunganisha na yangu kwa programu inayokumbuka kila badiliko na kulionyesha kwa rangi nyekundu.

Shida ni kwamba kompyuta yake ilitumia mfumo wa Linux, yangu Windows. Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux kwa moja. Basi kila Ijumaa programu iliona orodha nzima imebadilika, ikaipaka wekundu kuanzia juu mpaka chini. Mwanzoni nilisoma mstari kwa mstari. Baadaye nikachoka, nikawa nabonyeza tu: chukua ya Uvira yote. Mazoea yana taabu.

Alhamisi moja alifika mama aliyetembea kutoka Kilembwe. Binti yake wa miaka tisa alikuwa kwenye orodha, amehifadhiwa na familia moja Uvira. Niliandika kwenye mstari wa mtoto: mama yuko Baraka, anamsubiri. Kesho yake flash ikaja. Nikabonyeza kama kawaida, nikarudisha flash Uvira na boti lilelile.

Mama alikuja kila asubuhi. Nilimwambia bado, tena kwa ukali kidogo, naona aibu kulisema. Wiki ya pili mwenzangu akatuma habari: mapigano yalikaribia, ile familia ikavuka ziwa kwenda Tanzania na mtoto, maana kwenye orodha mtoto hakuwa na mtu anayemsubiri.

Nilifungua mabadiliko ya zamani. Maneno yangu yalikuwepo Alhamisi, Ijumaa hayapo: nakala ya Uvira niliyoichukua yote ilikuwa imeyafuta. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa maelekezo, wa kuiambia programu isihesabu alama zile. Nilipompa habari, mwenzangu aliuweka kwa dakika chache, na nilimchukia kwa wepesi huo, kisha nikajichukia mwenyewe.

Mama alipokuja nilimwambia yote.

"Papa, ile siku haukuandika?"

"Niliandika, mama. Kisha mi mwenyewe nikafuta."

Alivuta kiti, akakaa karibu na mashine.

"Andika tena. Mi niko naangalia."

Niliandika. Hakuna aliyejua mtoto yuko kambi gani ya wakimbizi kule Tanzania.