Picha ya Mma Thuso

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida tulikunywa uji wa mtama. Mke wangu, Mma Thuso, alikuwa na kazi ya kupiga picha ng'ombe wa watu kwenye ofisi ya mifugo. Nilimuuliza anayaandika saa ngapi majina yote yale ya wenye ng'ombe. Akanicheka.

Alipofariki nilikwenda ofisini kuomba picha yake ya kuweka mazishini, maana nyumbani hatuna. Binti wa kompyuta akaandika jina lake.

"Hayumo, Rra," akaniambia, akiniita bwana kwa heshima.

Akajaribu langu. Akatokea ng'ombe wangu mwekundu, na Mma Thuso kamshika pembe, anacheka meno nje; mwenzake wa kazi ndiye aliyewapiga. Nikachanganyikiwa. Mashine inijue mimi nisiyekuwepo, isimjue yeye aliyesimama pale? Ndipo nikakumbuka alivyonijibu Mma Thuso asubuhi ile ya uji, baada ya kunicheka: "Siandiki mimi, mzee wangu. Nikiingiza picha, kompyuta inaipa jina la mwenye ng'ombe kutoka kwenye rekodi. Sura za watu haizijui."