Timu Ilivyompiga Marufuku Bibi Yangu na Kifuniko Chake

Timu yangu ilinyoosha mikono kumpiga marufuku bibi yangu asikanyage tena uwanjani.

Halafu mimi, mjukuu wake, ndiye niliyetumwa nyumbani kumpelekea habari.

Msicheke kwanza. Subirini.

Timu yetu ni ya mpira wa wavu, ya mtaani tu. Uwanja uko nyuma ya karakana ya magari, na wavu wenyewe umeshonwa mpaka viraka vimezidi wavu. Nahodha ni fundi rangi, mrefu kama ngazi yake, na mikono haijawahi kutakata tangu nimjue.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri matokeo, sina mbele wala nyuma. Kukaa ndani siwezi, nawashwa miguu. Kwa hiyo mpira ndio ulikuwa kila kitu changu. Wenzangu walinibandika jina la Nguzo, nami nilitembea nalo kifua mbele.

Bibi yangu alikuwa mpishi wa bweni la shule mpaka alipostaafu. Akija uwanjani anakuja na kiti chake cha plastiki, kijiko, na kifuniko cha sufuria. Mpira ukianza, na kifuniko kinaanza. Pa pa pa pa. Hasa mpira ukija upande wangu, hapo hata mafundi wa karakana wanatoka chini ya magari kuangalia kuna nini.

Refa aliwahi kumwomba apunguze.

"Wewe piga filimbi yako," Bibi akamwambia, "na mimi nipige changu."

Hakuwa anakuja kila mechi. Alikuja nikimwambia, "Bibi, leo nimepangwa." Nisipopangwa nilimwacha apumzike zake.

Sasa siku moja, Bibi akiwepo, tukafungwa vibaya. Yaani hata walioshinda walituonea huruma. Tukakusanyika kwenye karakana, juu ya matairi, kila mtu anaangalia viatu vyake.

Nahodha akakohoa. "Jamani, tuseme ukweli. Yule bibi akija, tunafungwa."

"Si kila siku," nikasema.

"Haya, Nguzo. Taja mechi moja tuliyoshinda yeye akiwepo."

Nikatafuta kichwani. Nikatafuta tena. Hakuna kitu.

"Unaona? Ile ni nuksi, ndugu yangu. Hatusemi anafanya makusudi. Nuksi ni kama mafua, mtu anakuja nayo tu."

Kinyozi, ambaye anacheza mbele, akadakia, "Mimi nikisikia kile kifuniko mikono inalegea. Kweli kabisa."

Mikono ikapanda juu. Wangu peke yake ndio uliobaki chini.

Nyumbani nikamkuta Bibi anasugua kifuniko, anakitayarisha kwa mechi ijayo.

"Bibi," nikaanza, "mechi zimesimama kidogo. Wavu umechanika."

"Ulikuwa mzima lini?"

"Safari hii umechanika sana."

Wakati huohuo filimbi ikalia kutoka uwanjani, wadogo wetu wanafanya mazoezi. Ikaingia dirishani kama imetumwa.

Bibi akanitazama. "Na hiyo filimbi ni ya treni?"

Nikasema yote. Nuksi, kura, mikono. Alisikiliza bila kuacha kusugua.

"Na wewe ulinyoosha?"

"Hapana, Bibi."

"Basi."

Akanyanyuka, akaenda jikoni, akakiweka kifuniko juu ya sufuria yake. Kikakaa sawasawa. Sikumbuki ni lini niliwahi kukiona kifuniko kile kikifanya kazi ya kufunika.

Mechi iliyofuata sikupangwa, lakini nilikwenda kutazama. Niliporudi nikamkuta sebuleni amekaa kwenye kile kiti cha plastiki, makochi yote matupu pembeni yake, kijiko mkononi. Hakuniuliza matokeo.

Hapo nikaona nisipofanya kitu, nitakuwa nami nimenyoosha mkono.

Nikaenda kwa dada yangu. Dada anasoma chuo, mambo ya tabia za watu na hesabu za kupima tabia hizo. Baba anamwita Profesa, kwa utani, lakini akiwa na shida anakwenda kwake kimyakimya.

Dada akanisikiliza, akaniambia nilete vizibo vya soda. Akachora mezani vyumba vinne kwa chaki.

"Hapa, Bibi kaja mkafungwa. Hapa, kaja mkashinda. Hapa hakuja mkafungwa, na hapa hakuja mkashinda. Mechi moja, kizibo kimoja."

"Dada, vyumba vingine nani anavikumbuka?"

"Ndio ugonjwa wenyewe huo. Kichwa cha mtu kinaokota yanayokubaliana naye, mengine kinayaacha njiani. Kumbuka yote, hata yanayokuudhi."

Tukakaa tukakumbuka. Nikapiga simu kwa refa kuuliza nilizosahau. Tukapanga vizibo.

Chumba cha Bibi kaja mkafungwa, kimejaa. Bibi kaja mkashinda, kitupu kama mfuko wangu. Siku ambazo hakuja, tulifungwa mara chache, nyingi tulishinda.

Dada akasema, "Mmh."

"Mmh nini?"

"Uhusiano upo. Sitakudanganya."

"Kwa hiyo Bibi ana nuksi."

"Nimesema uhusiano, sijasema sababu. Kila penye msiba pana sufuria kubwa. Je, sufuria ndiyo iliyomuua marehemu?"

"Hapana."

"Haya. Sufuria na marehemu, kuna kitu kimewakutanisha. Na hapa kuna kitu kinakuja uwanjani pamoja na Bibi. Kitafute."

Nikawaza. Nikakumbuka kinyozi na mikono yake inayolegea. "Ni kifuniko. Wakikisikia wanajua yupo, wanaogopa, wanajifunga wenyewe."

Dada akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hiyo ni dhana nzuri. Sasa ijaribu. Bibi awepo, wao wasijue."

"Na nitachaguaje siku ya kumpeleka?"

"Usichague. Ukichagua wewe utampeleka siku mnayocheza na timu dhaifu, halafu utajisifu. Rusha sarafu. Sarafu haina bibi."

Mpango ukaiva. Dirisha la fundi cherehani linatazama uwanja moja kwa moja, na lina pazia zito. Fundi mwenyewe ni mama mmoja anayependa umbea kuliko uzi. Nilipomweleza, akafuta kiti cha Bibi kabla sijamaliza.

Mimi nikamwendea nahodha. Ilibidi niwe na Bibi kule ndani, asije akasahau akapiga kitu. "Kapteni, goti linanisumbua. Nitakaa nje mechi kadhaa."

"Pole sana, Nguzo," akasema. "Pumzika. Goti si la kuchezea. Pumzika hata miezi."

Nikaona, lo, kiongozi mwenye upendo.

Wiki ya kwanza sarafu ikasema aje. Bibi akaketi nyuma ya pazia, ameng'ata kona ya mtandio wake asipige kelele, kijiko kinamgonga magoti mwenyewe.

"Bibi, taratibu, utanichania pazia," fundi cherehani akanong'ona.

"Mwambie yule wa kushoto apige chini," Bibi naye akanong'ona, kana kwamba fundi ni kocha.

Tukashinda.

Wiki ya pili sarafu ikasema abaki. Tukashinda. Iliyofuata ikasema aje, tukashinda tena, na safari hii kwa urahisi mpaka aibu.

Nikakimbia kwa dada, pumzi juu juu. "Bibi yuko safi. Alikuwepo, hawakujua, wakashinda."

"Asipokuwepo?"

"Wakashinda vilevile."

"Mechi zenyewe chache, usiape mbele ya watu. Ila inaelekea kuwepo kwake hakubadilishi kitu. Kuna kingine ulichobadilisha?"

"Hakuna."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa fundi cherehani, na Bibi."

"Hukucheza?"

"Si nilisingizia goti."

Dada akavuta vile vizibo na chaki. Akachora tena vile vyumba vinne, akavipanga vizibo kama mwanzo.

"Zamani, Bibi alikuwa anakuja siku zipi?"

"Siku nikimwambia nimepangwa."

Neno hilo lilipotoka mdomoni, nililisikia kwa masikio yangu mwenyewe.

"Tupange upya," dada akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa mwiba. "Usiseme Bibi alikuja. Sema wewe ulicheza."

Hatukuhamisha kizibo hata kimoja.

Nikakitazama kile chumba kilichojaa. Kila kizibo mle kilikuwa mimi.

Sasa fikirieni. Nikinyamaza, jezi yangu ninayo, na Bibi anabaki sebuleni na nuksi yake ya kubandikwa. Nikisema, Bibi anarudi, na mimi je? Jezi ile ndiyo ilikuwa inanitoa kitandani asubuhi.

Nikajidanganya kuna njia ya katikati. Nikaenda karakana nikawaeleza habari ya pazia tu. Bibi alikuwepo, mkashinda, kwa hiyo hana nuksi.

Kinyozi akakuna kidevu. "Lakini alikuwa nyuma ya pazia."

"Ndiyo."

"Basi ndio maana. Nuksi haipenyi pazia zito."

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Watu wazima na akili zao.

Nikawatazama mmoja mmoja. Kichwani nikamwona Bibi kati ya yale makochi matupu.

"Si Bibi," nikasema. "Ni mimi. Siku anazokuja ndizo ninazocheza. Mnafungwa kwa sababu yangu."

Nilingoja hata mmoja apinge. Hata kwa adabu tu.

Nahodha akaanza kubandua rangi kwenye kucha. "Nguzo, ndugu yangu. Hilo tulikuwa tunalijua."

"Mnalijua tangu lini?"

"Unafikiri tulikuita Nguzo kwa nini?"

"Kwa sababu naishikilia timu."

Kinyozi akageukia ukutani, mabega yanatikisika.

"Mpira ukipita kulia, umesimama," nahodha akasema taratibu. "Ukipita kushoto, umesimama. Nakupanga watu wakipungua, la sivyo..."

"Sasa Bibi mlimpigia kura ya nini?"

Hapo ndipo alipokosa pa kuweka macho. "Tulidhani tukimfungia yeye, na wewe utasusa uondoke. Kukwambia usoni ilikuwa ngumu. Kumsema mtu ambaye hayupo ni rahisi."

Nilivua jezi palepale, nikaitundika kwenye ndoo yake ya rangi.

"Mimi nimeshaondoka. Lakini kesho mnakuja nyumbani, kila aliyenyoosha mkono. Mtamwambia wenyewe."

Walikuja. Nahodha aliinama mlangoni, akabaki ameinama hata baada ya kuingia. Akaomba radhi kwa niaba ya wote, maneno yakimkwama kila hatua.

Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo sina nuksi."

"Huna, Bibi. Tatizo lilikuwa, eeh, uchezaji wa huyu mjukuu wako."

"Huyu mume wangu?" Bibi akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mwanangu, huyu hajui kucheza. Nimeliona tangu siku ya kwanza."

Nikamgeukia. "Bibi. Na lile kelele lote la kifuniko, ulikuwa unashangilia nini?"

Akaacha kucheka.

"Sikuwa nashangilia. Kila mpira ukikupita, wenzako walikuwa wanakutukana. Nilipiga ili usiwasikie."

Kinyozi, yule wa mikono inayolegea, alitoka nje kwa kisingizio cha simu ambayo haikuita.

Mechi iliyofuata Bibi alirudi na kiti chake. Mimi nikakaa chini pembeni yake.

"Bibi, leo sichezi."

"Najua. Leo nataka nitazame mpira kwa mara ya kwanza."

Bibi yupo, mimi niko nje, kila kitu kiko sawa.

Tukafungwa.

Nahodha akamtazama Bibi, akanitazama mimi, akafungua mdomo, akaufunga. Mwishowe akasema, "Ni hizi jezi mpya. Tangu tuzinunue sizielewi."

Bibi akaniminya kiwiko. Tulicheka njia nzima.

Basi funzo langu ni hili. Ukiona mabaya yanafuatana na mtu, usikimbilie kumwita nuksi. Uliza kwanza nani mwingine alikuwepo siku hizo, na ukiuliza, jihesabu na wewe. Mechi moja haisemi kitu. Na kama kuna mtu anapiga kelele sana karibu yako, huenda anakuziba masikio usisikie yale ambayo hukustahili kuyasikia.